Uenyekiti Wangu na Printa ya Wapangaji

Jumatatu, 3 Machi
Dhuluma! Wapangaji wanataka Tabasamu awe mwenyekiti wa jengo letu. Muuza viatu! Sifa yake ni moja tu: anamchekea kila mtu. Mimi nimeandika waraka baada ya waraka kuhusu tangi linalovuja na ngazi zisizo na taa. Nani amesoma? Mke wangu anasema wamesoma wote, tena ndiyo shida, maana kila waraka una mtu niliyemtukana. Kumtukana! Nilieleza ukweli, basi.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimepata. Karatasi za kura zitachapishwa Jumamosi mkutanoni, kwa kompyuta ya ofisi ya wapangaji. Ndani yake kuna huduma inayofanya kazi chinichini, haionekani, haishukuriwi (kama mimi!), na ndiyo inayopeleka kazi kwenye printa. Palipoandikwa "Otomatiki" nimeweka "Imezimwa". Jumamosi watahangaika. Nitainuka, nitarudisha mipangilio ya awali, kura zitatoka. Nani atamnyima kiti mkombozi?
Nilihakikisha kwanza. Nikabonyeza "chapisha" kwenye waraka ambao hata mke wangu sijathubutu kumwonyesha: "Kondoo wa Jengo Hili". Haikutoka hata karatasi moja. Safi!

Ijumaa, 7 Machi
Tabasamu kashinda ofisini kutwa nzima akitaka kuchapisha bango lenye picha yake. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye katibu. Anasema jamaa alibonyeza, akangoja, akacheka, akabonyeza tena, na tena. Mbumbumbu! Nilicheka hadi mke wangu akauliza nimefanya nini safari hii. Yaani mtu hawezi hata kufurahi nyumbani kwake?

Jumamosi, 8 Machi
Printa iligoma kama nilivyopanga. Shemeji akatangaza uchaguzi utaahirishwa. Nikasimama, nikahutubia kidogo juu ya uzembe. Mlinzi akapaza sauti: "Mzee, hotuba baadaye, tengeneza kwanza!" Adabu hana. Nikakaa, nikairudisha ile huduma kama ilivyokuwa awali. Otomatiki. Anza. Printa ikakohoa. Makofi! Bibi wa ghorofa ya tatu akaniita mwanangu.
Kumbe mashine haikusahau kitu! Kazi zote zilikuwa zimejipanga foleni, na ya kwanza ilikuwa yangu. Shemeji akaichukua akidhani ni kura, akasoma kwa sauti. Ghorofa ya kwanza: wavivu. Ya pili: wambeya. Ya tatu: bibi mwenye sikio kila ukutani. Chini, saini yangu. Angeweza kunyamaza! Hakunyamaza. Kisha zikaanza kutoka sura za Tabasamu, moja baada ya nyingine, zote zikicheka, mpaka karatasi zikaisha. Za kura hazikubaki. Wakachagua kwa kuinua mikono.
Tabasamu kashinda. Hata mkono wa mke wangu niliuona juu. Anadai alikuwa anajikuna.

Jumapili, 9 Machi
Nimeonewa na mashine. Tabasamu amepita kunishukuru kwa kutengeneza printa, akaniachia bango lake. Bibi wa ghorofa ya tatu hajibu salamu. Mke wangu ananiomba niachane na ile kompyuta. Eti nimekosa nini?
Wiki ijayo mwenyekiti mpya anahutubia, na vipaza sauti vimeunganishwa kwenye kompyuta ile ile. Nayo sauti ina huduma yake ya chinichini! Nimeshaizima. Hotuba ikikwama, nitainuka, nitairudisha ilivyokuwa, watajuta.
Nimehakikisha, bila shaka. Nimerekodi maneno machache makali juu ya Tabasamu na mke wake, nikabonyeza "cheza".
Kimya kabisa. Safi!