Papa Mezani pa Posa

Alhamisi, 7 Agosti 2025. Maua.
Nimechaguliwa! Jumamosi wakwe kutoka Karurumo waja kumposa Gacheri, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye msemaji. Mdogo wangu Mbaabu alidhani atakuwa yeye. Amenuna. Vema.
Gacheri ameniomba jambo moja, machozi yakimlengalenga: bunda la miraa la posa lisifunguliwe kabla wakwe hawajakubali amalize chuo kwanza. Likifunguliwa, tumekubali, hakuna masharti tena. Nikamwambia asimfundishe mwalimu mstaafu mila.

Ijumaa, 8 Agosti.
Mchumba, Mugendi, huchunguza papa huko Kilifi. Lazima ajue kwamba hata milimani kuna akili. Nimesoma. Papa humng'ata mtu mara moja, kisha humwacha! Kwa nini? Wataalamu wanabahatisha. Mimi nimepata jibu sokoni: papa ni mnunuzi wa miraa. Hana mikono ya kupapasia bidhaa, basi huonja. Akikuta mifupa mitupu, hutema.
Mke wangu Ruguru ameuliza papa anahusianaje na chuo cha Gacheri. Nikafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi, 9 Agosti.
Aibu! Naandika nikiwa ghalani, nimekalia gunia la viazi.
Nilianza na papa, kuchangamsha kikao. Mugendi akasema kwa adabu kwamba hata wao bado wanajiuliza. Kichwa kikanivimba. Nikatafuta kielelezo. Kilikuwa mezani. Nikakata kamba, nikafunua majani ya mgomba, nikachomoa kijiti cha miraa, nikatafuna, nikatema. Hivyo ndivyo papa afanyavyo!
Mjomba wa Mugendi akashukuru kwa posa kupokelewa upesi hivyo. Mbaabu naye: "Mwalimu, umefungua, ukatema. Sasa tumekubali au tumekataa?" Wakacheka hadi wapishi wakaja kuchungulia.
Gacheri hakucheka. Alitoka nje.

Jumatatu, 11 Agosti.
Mbaabu amekwenda Karurumo kuomba radhi, na beberu wangu bora. Amerudi bila beberu. Gacheri atamaliza chuo! Mugendi mwenyewe aliwaambia wazee wake kwamba papa akitema, hajala. Basi posa bado haijapokelewa.
Gacheri alipita uani. Hakunisalimu. Nilistahili.

Jumapili, 17 Agosti.
Harusini, Gacheri akimaliza chuo, sitasema neno. Nitapanga viti. Mbaabu ndiye msemaji. Kanisani niliinamisha uso hadi baraka ya mwisho.
Hata hivyo, nadharia yangu ndiyo iliyomwokoa Gacheri. Hilo hawalitaji!
Na kuna jambo jingine. Papa humzunguka mtu kabla ya kumng'ata. Kwa nini? Nimepata jibu. Harusini kutakuwa na keki kubwa. Nitahitaji kisu tu.