Kifundo cha Chepkirui na Pointi ya Kumi

Sogeeni, enyi wachuma majani na wakama ng'ombe, nanyi wenye maduka ya Merigi. Tueni vikapu, funikeni mitungi, mpate kusikia habari ya Marcella wa Kidato cha Nne, Mlinzi wa Benchi, Mbeba Chupa za Maji, na jinsi alivyouokoa uwanja wa shule yetu ya wasichana. Na wewe uliyewasha redio, izime. Mimi sirudii.

Ilikuwa alasiri, mawingu yameyalalia mashamba ya chai, majeshi mawili ya mpira wa vikapu yalipokutana juu ya saruji: mabinti zetu, na wageni wa upande wa Ndanai, warefu kupita adabu. Na saruji yenyewe ndiyo iliyokuwa hatarini. Kwa maana Mwalimu Mkuu, Bi. Chepngetich, mwenye mahindi ya shule yaliyokataa kukauka, alikuwa ametamka kwenye gwaride la asubuhi kwamba timu isipofikisha walau pointi kumi, uwanja utakuwa wa kuanikia mahindi, msimu huu na misimu yote ijayo. Magunia yalikuwa tayari yamepangwa kando. Mimi nilikalia moja, na lilinichoma vibaya.

Mechi ikakaribia kwisha. Wageni walikuwa na arobaini na moja, sisi tisa. Ndipo Chepkirui, Nguzo ya Timu, aliyezifunga zote tisa peke yake, alipoipasua ngome ya adui akaruka, akakumbwa hewani, akaanguka akikishika kifundo cha mguu. Kipenga kikalia. Tukapewa mitupo miwili huru, isiyo na wa kuizuia, nasi tulihitaji pointi moja tu.

Hapo Madam Priscillah, mlezi wa timu na wa chama cha Wakristo, aliyekaa benchi na sanduku la dawa lenye plasta moja, akaliacha sanduku, akaingia uwanjani, akapiga magoti, akanyoosha mkono juu ya kifundo kile bila kukigusa, akaomba. Aliomba kwa sauti, tena kirefu, akianzia uumbaji. Tukasema amina sote, hata wageni.

Refa Njenga, Mwamuzi Asiyecheka, ambaye siku za kazi huuza misumari na mabati, aliingoja amina ndipo akanena.

"Kocha Weldon, sheria ni hii: mchezaji akiumia, na mtu wa benchi lake akaingia kumhudumia, mchezaji huyo atatoka, na wa akiba ataingia atupe badala yake."

"Refa, mtu wa haki," akajibu Weldon, "huyu hakupakwa dawa wala hakufungwa bandeji. Ameombewa tu."

"Madam, uliomba nini?"

Madam Priscillah hajui kudanganya. "Niliomba apone."

"Na wewe Chepkirui, unasikiaje?"

Chepkirui akainuka, akarukaruka pale pale. "Nimepona, sir. Kabisa."

"Basi ametibiwa," akasema Njenga. "Ama useme, kocha, mbele ya watu hawa, kwamba maombi hayakufanya kitu. Nitakusikiliza."

Weldon ni mzee wa kanisa. Akawatazama watu: wachungaji wawili, kwaya ya akina mama, na mamake mzazi aliyekuja na kiti chake. Maskini, nilimwonea huruma.

"Ametibiwa," akasema kwa sauti ndogo.

Kwenye benchi alibaki Marcella tu, maana wengine walishatolewa kwa makosa matano matano.

"Kocha," akasema Marcella, "tangu Kidato cha Kwanza mimi ni wa maji. Mkono huu umezoea chupa."

"Basi tupa kama chupa, mama. Hatuna mwingine."

Akasimama mstarini. Madam Priscillah akaanza kuinamisha kichwa, na Weldon akamrukia kwa mikono miwili. "Madam, nakusihi. Na nyinyi nyote, mtu asimwombee huyu. Akiombewa ametibiwa, na akitibiwa tumekwisha." Agizo likapita mkutano mzima. Tukakaa macho wazi, mikono magotini, na sijawahi kuona watu wa Merigi wakijizuia namna ile.

Mtupo wa kwanza ulipita juu ya ubao ukaangukia kwenye chai. Mchumaji mmoja akaurudisha.

Mtupo wa pili uligonga chuma, ukazunguka, ukasita pale juu kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, kisha ukaingia.

Kumi. Bi. Chepngetich akafunga mwavuli wake, akasema, "Mahindi yatafutiwe turubai."

Kipenga cha mwisho kilipolia tulimbeba Marcella mabegani, na wageni, walioshinda arobaini na moja kwa kumi, wakaulizana kama huku watu hujifunza hesabu. Refa Njenga akamwendea Madam Priscillah. "Sasa unaweza," akamwambia. Naye akafumba macho, akaanzia uumbaji, na alipofika mwisho akamtaja Marcella kwa jina.

Ndivyo ilivyokuwa, na vizazi vijue. Anayebisha na apande huko shuleni akautazame uwanja: hatakuta hata punje moja ya mahindi.