Sikio Langu Kwenye Bakuli la Mboga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Msiba! Fundi fremu anahama. Jumamosi hii, asubuhi. Anakwenda mji wa dada yake, wafungue karakana pamoja. Ameniambia akiwa na misumari mdomoni, kama mtu anayearifu kwamba gundi imekwisha. Nikamwambia hongera. Hongera! Ulimi huu, basi tu.

Miaka sita tumetenganishwa na ukuta mmoja. Huku mimi na mtambo wa kuchapia picha, kule yeye, mwanamke mwenye randa na nyundo. Chai ikiiva anagonga ukuta mara tatu, nami naenda. Namba yake ya simu sina. Ya nini, na ukuta upo? Katika miaka yote hiyo jambo kubwa tuliloongea ni penseli. Yeye huandika vipimo kwa penseli nyuma ya kila picha, mimi huvifuta kazi ikiisha, maana kazi safi haiachi mikwaruzo. Yeye husema nafuta hata nisichokisoma. Humjibu kwamba namba ni namba tu.

Lakini bahati haijanitupa kabisa. Leo daktari wa tumbo ameagiza nakala nane za picha moja ya zamani, za chumba wanamosubiri wagonjwa wake. Kituko cha picha! Ni ya enzi zile za Ulaya wanazoziita za Mwamko, wakubwa walipokuwa wakichorwa wamekaa wima, kola shingoni, midomo imebanwa. Mchoraji huyu yeye kamchora bwana mkubwa wake kwa mboga tupu. Pua ni figili, mashavu vitunguu, masikio uyoga, ndevu mizizi, kofia bakuli jeusi. Na ukiigeuza juu chini, bwana hayupo! Unaona bakuli limejaa mboga, basi.

Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Ndipo wazo likanijia, zuri hata nikasimama.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango ni huu: kumpa bwana wa mboga sura yangu. Fundi atashinda na picha hizo siku kadhaa, anazipima, anazifuta vumbi. Atautazama uso ule, moyo utamuuliza, mbona huyu namjua? Atagonga ukuta. Nitakwenda. Hakuna atakayelazimika kusema neno. Safi kabisa!

Saa nne nzima kwenye kompyuta. Uyoga wa kushoto nimeukuza ukawa sikio langu, na masikio yangu yanajulikana mtaa mzima. Mdomo nimeutia mwanya wa meno. Harage moja nimeliweka kidevuni, pale penye alama yangu ya kuzaliwa. Nimechapa tisa kwenye ile karatasi nene ya pamba: nane za daktari, moja yangu. Rangi zimekaa mpaka nikajionea haya.

Bosi kapita. Katazama picha, kanitazama mimi, karudi kwenye picha. Akauliza kama nimekula leo. Nikamwambia huko ni kuheshimu kazi ya mchoraji wa awali. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Nimempelekea Fundi zote tisa, mimi mwenyewe. Niliporudi mlangoni kwangu nikakumbuka: mshale! Nyuma ya kila nakala huwa tunachora mshale kuonyesha juu ni wapi. Sijachora hata mmoja. Lakini haidhuru. Nani asiyejua kwamba kichwa hukaa juu?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimesikiliza ukuta tangu asubuhi. Nyundo. Msumeno. Kimya. Halafu kicheko, tena cha watu wawili! Kumbe fundi vioo yuko mle. Jamaa huyo kwingine hukata kioo kwa dakika tano, lakini kwa Fundi kioo hichohicho humchukua saa nzima. Nikaenda kuazima rula. Nikaenda kurudisha rula. Nikaenda kuuliza kama nimeirudisha rula.

Mara ya tatu fundi vioo alikuwa ameondoka. Fundi akaweka nyundo chini. Akasema picha ile imemkaa moyoni, anaweza kuitazama kila siku asichoke. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, kama nina neno la kumwambia kabla ya Jumamosi.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia kioo kiwe cha ile aina isiyoakisi mwanga.

Akaokota nyundo yake, akasema haya. Nimerudi kwangu naelea. Imemkaa moyoni!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hajagonga ukuta, hata kwa chai. Nadhani anajikaza.

Shangazi, ambaye naishi kwake, ameona sahani yangu inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Akasema, baba, si umwambie maneno matatu tu: usiende, nakupenda. Nikamhesabia kwamba hayo ni mawili. Akasema basi hata kazi yenyewe imepungua. Shangazi hana subira ya sanaa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu! Aibu ya kutafuta shimo!

Tumepeleka picha nane kwa daktari, mimi na fundi vioo, maana gari ni lake. Nikafungua ya kwanza mbele ya wagonjwa wote. Bakuli la mboga. Ya pili, bakuli. Zote nane, ndoana zimefungwa upande wa kidevu. Yaani wiki nzima Fundi amekuwa akitazama vitunguu! Kilichomkaa moyoni ni karoti!

Daktari akasema yeye aliagiza mtu. Akaigeuza moja. Akaitazama, akanitazama. Mgonjwa mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amejishika tumbo, akanionyesha kidole akauliza kama ni mimi. Fundi vioo akacheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Mwishowe daktari akaamua mabakuli yabaki mabakuli, kwa sababu ule uso ungewaongezea watu maumivu.

Nimerudi mbio. Bado kulikuwa na ile nakala ya tisa, imetundikwa karakanani kwake, bakuli chini na mboga juu, kama zile nyingine. Fundi alipotoka kuchota maji nikaigeuza upesi. Sasa ataona! Akarudi. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo. Kisha akaigeuza tena ilivyokuwa, akaendelea kufunga misumeno yake kwenye magunia. Nilikaa pale mpaka akafagia, nikamshikia uzoleo. Harufu ya unga wa mbao ilinijaa puani, na nikajua kwamba hiyo ndiyo nitakayoikosa kuliko zote.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Lori dogo limekuja saa moja. Benchi, randa, makopo ya gundi, vyote vikapakiwa. Fundi alivaa gauni la kijani. Sijawahi kumwona bila vumbi la mbao kwenye nywele. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu daftari halicheki.

Amenikabidhi nakala ya tisa, amenifungia vizuri kwenye karatasi. Akasema yale mabakuli ya daktari aliyafanya kusudi. Wagonjwa watulizwe na mboga, uso ule si wa kutazamwa na foleni ya watu. Nikaumia. Najua sura yangu si ya kwenye kalenda, lakini kuambiwa hivyo siku ya kuagana! Akasema nitazame nyuma kabla sijaitundika. Akasema kule aendako atakuwa na laini mpya. Akasimama, mkono kwenye mlango wa lori, kama amesahau kitu.

Nikazisifu pembe za fremu. Zimekutana sawasawa, hata wembe hauingii. Akasema ahsante. Lori likaondoka, nami nikabaki nimekumbatia picha katikati ya njia mpaka mtu wa baiskeli akanitukana.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shangazi ameuliza kama nilisema. Nikamjibu mambo mazuri hayataki haraka. Akaingia jikoni akabamiza mlango wa kabati.

Nimetundika picha chumbani. Kwanza nikatazama nyuma, kama alivyoagiza. Ndoana mbili, moja juu, moja chini, zote imara. Maskini, kumbe hakujua juu ni wapi! Kosa langu la mshale, nalikubali. Na pembeni, kama kawaida yake, penseli. Namba kumi mfululizo, zinaanza na sifuri. Vipimo gani hivyo? Hakuna fremu duniani ya ukubwa huo. Pilikapilika za kuhama, bila shaka. Nikachukua kifutio, nikafuta polepole, mpaka karatasi ikatakata. Angeniona angegomba. Ningetoa chochote nigombezwe.

Nimeiweka uso juu. Mimi na bwana wa mboga tumetazamana mchana kutwa, kila mmoja na sikio lake. Tunamkosa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Saa nne, wakati wa chai, nimejikuta nimesimama wima, nasikiliza ukuta. Nikaugonga mimi mara tatu. Chumba kitupu kina mwangwi wa ajabu.

Fundi vioo alipopita nikameza kiburi, nikamuuliza kama anayo namba mpya ya Fundi. Hakucheka safari hii. Akasema hata yeye aliiomba pale kwenye lori akanyimwa. Aliambiwa imeandikwa mahali pamoja tu, na mwenye nayo ni mimi. Mimi! Nimepekua mifuko yote, nimepekua droo, nimekung'uta hata daftari hili. Hakuna kitu. Mtu anaweza kusema uongo hivi kwa wivu tu! Bila shaka anayo mwenyewe, hataki kuitoa.

Lakini sijakata tamaa. Nina wazo, zuri kupita lile la kwanza. Nitachapa nakala mia za uso ule, kubwa kama milango, nizibandike mji mzima wa dada yake. Fundi atapita zake, ataliona sikio, moyo utamuuliza, mbona huyu namjua? Hakuna atakayelazimika kusema neno. Na makosa yangu nimeshayajua, sirudii.

Safari hii kila nakala itakuwa na mshale.