Mji Usiotaka Nywila

Jumatatu, 3 Juni

Nimeipata! Diski ya ule mchezo wa kujenga mji, toleo la zamani, kumbe ilikuwa kabatini chini ya mito ya kochi. Toleo jipya linadai akaunti, barua pepe, nywila na mtandao muda wote, hata kama unataka kuchimba mtaro tu. Mimi ni fundi kufuli. Milango ya mtaa mzima naifungua. Akaunti yangu mwenyewe imenishinda.

Nikawasha kompyuta kuukuu. Mji ukatokea. Tuliujenga mimi na mke wangu tulipokuwa wachumba. Mto aliouchora yeye upo. Daraja langu nalo lipo, bado linaishia katikati ya maji. Vijitu vikatoka majumbani vikaenda kazini, kana kwamba sisi tulitoka jana kwenda dukani. Mkono ukakaa juu ya kipanya. Sikuthubutu kubofya.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji kapita. Ni kaka wa mke wangu, fundi simu, mtu wa mambo mapya. Kaniita mlinzi wa makumbusho. Akasema kompyuta hiyo ikinusa mtandao tu, toleo jipya litajishusha na kumeza la zamani, mto, daraja na vijitu vyake. Alisema huku anacheka. Mimi nilikuwa natazama kile kisanduku cha mtandao kikipepesa taa sebuleni. Adui keshajulikana.

Jumatano, 5 Juni

Kinga ni bora kuliko tiba. Kisanduku nimekitia ndani ya sanduku la chuma, nikalibana kwa kufuli ya namba niliyoiunda mwenyewe. Haivunjiki. Namba: tarehe tuliyouanzisha mji. Nani asahau siku kama hiyo?

Mke akauliza mtandao umeenda wapi. Nikamwambia umekatika mtaa mzima. Akasema ajabu, jirani anatazama mpira mtandaoni. Nikasema labda ni mechi ya zamani.

Alhamisi, 6 Juni

Mambo yameharibika. Mke ni fundi cherehani, na leo bibi harusi alikuwa atume vipimo, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Nimemkuta mke wangu kaegemea ukuta wa jirani, simu juu, kama anayekinga maji ya mvua. Roho ikaniuma.

Nikakimbilia kufuli. Ikagoma; ile tarehe imenitoka kichwani. Nikajaribu mwaka huu, mwaka ule, tarehe yangu ya kuzaliwa. Msumeno ukakatika meno. Mke akanikuta sakafuni. Nikaungama yote.

Hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliuliza tu namba niliitoa wapi. Kisha akaenda kwenye kompyuta. Langoni mwa mji pana kibao, na tarehe imeandikwa hapo. Mimi nilikuwa nimeikodolea macho kufuli.

Sanduku lilifunguka mara moja. Vipimo vikaingia. Kazi ikapona.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kaja, kabofya mahali pamoja, na kompyuta hiyo peke yake haioni tena mtandao. Basi, ndiyo dawa yote. Akaniambia, kwa upole unaoudhi, kwamba ningemuuliza yeye kwanza.

Jioni mke akavuta kiti. Akalimalizia daraja langu. Kijitu cha kwanza kikapanda, kikafika katikati, kikasimama, kikautazama mto. Miaka yote hiyo kilikuwa upande huu. Mke akasema taratibu kwamba walikuwa wanatungoja. Tukakaa tukawatazama wakivuka mmoja mmoja.

Jumapili, 9 Juni

Dawa ya kubofya siiamini, kilichobofywa leo hubofywa tena kesho. Kwa hiyo leo nimeitia kompyuta nzima ndani ya sanduku la chuma, kwa kufuli ile ile. Namba nimeibadilisha: ni idadi ya wakazi wa mji, iko wazi pembeni ya kioo cha kompyuta. Mke ameniuliza, nikiisahau je. Nimemwambia aondoe shaka. Nikiisahau, nitawasha kompyuta niisome.