Nilivyocheza Disko kwa Wakwe Mabanga

Leo nimeaibika, jamani. Tena nikiwa nimepiga pasi.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa Matisi, hapa Kitale, anayewachosha humu kwa soul, funk na disko mpya zinazopigwa kizamani. Santuri imetoka mwaka jana, wapigaji ni vijana wadogo, lakini ukisikia ile besi na zile tarumbeta utadhani babako amevaa suruali ya bugaluu anaenda dansi. Niliwaambia muziki huu utanifikisha mbali. Haya, umenifikisha.

Leo mpenzi wangu Nekesa alikuwa ananipeleka kwao Mabanga. Ziara ya kwanza. Wazee wakinikubali, mazungumzo ya mahari yanaanza. Wakinikataa, narudi Kitale na shati langu.

Nekesa alinipa sheria moja tu.

"Mama usimguse. Hata mkono usimpe. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali."

"Hata kusalimia?"

"Salimia ukiwa hukohuko. Ukimgusa ni mwiko, wazee watasimamisha kila kitu."

(Sisi ni watu wa Murang'a tuliohamia Trans-Nzoia zamani. Nyanya yangu hukumbatia wakwe mpaka wanakohoa. Lakini sheria moja tu, mtu mzima atashindwa?)

Mambo yalianza vizuri. Mama alinikaribisha akiwa mlango wa jikoni, mimi nikiwa karibu na geti. Heshima tupu. Kuku akaliwa. Nikatoa zawadi yangu: santuri mpya ya disko, bado iko kwenye nailoni. Babake Nekesa, afisa wa kilimo aliyestaafu, akaifunua mashine yake ya santuri iliyofunikwa kitambaa, akashusha sindano. Besi ikaingia sebuleni.

"Hii sasa ndio muziki!" Mzee akasema. "Siku hizi nani anaweza piga kitu kama hii? Hii nilicheza kabla nioe."

(Imetoka mwaka jana. Nikanyamaza. Oneni nilivyo na hekima.)

"Mimi najua huyu mwimbaji," akasema Simiyu, mjomba wake Nekesa. "Si arikufa kitambo?"

"Alikufa," Mzee akathibitisha. "Ajali."

(Mwimbaji ni mzima na hajafika miaka thelathini. Pole kwa familia.)

Mjomba akanigeukia. "Kijana wa Kitare, umeretea ukuta muziki? Si usimame ucheze tuone!"

Mwenye akili angesema mguu unamuuma. Mimi nilisimama. Nikamvuta Nekesa, tukacheza, wazee wakapiga makofi, na sifa zikanipanda kichwani moja kwa moja. Sasa nina mtindo wangu mmoja. Nafumba macho (funk haichezwi macho wazi, nimeshawaambia), nageuka, nanyoosha mkono nyuma, namdaka mwenzangu na kumzungusha. Nimeufanyia mazoezi na mlango wa kabati.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Nekesa alikuwa ameitwa amfungulie mjomba soda.

Nikafumba macho. Nikageuka. Nikanyoosha mkono. Nikadaka. Nikazungusha!

Mkono ulikuwa umelowa maji ya kuoshea vyombo. Nikafumbua macho.

Mama!

Alikuwa amekuja kutoa sahani. Na tuseme ukweli, Mama alizunguka vizuri. Alimaliza mzunguko mzima, sahani mkono wa pili, akatua kwenye mdundo barabara kuliko mimi. Ndipo akakumbuka mimi ni nani. Nduru aliyopiga! Sahani zikaenda chini.

 Santuri nayo ilikuwa imefika pale jamaa anamwomba mpenzi wake asimwachilie mkono. Hapo ndipo nikagundua bado nimemshika.

"Ameshika mama!" Mjomba akaruka. "Mbere yetu! Mchana!"

Mzee akainua sindano polepole. "Kijana, umeleta nini kwa boma yangu?"

"Soul, Mzee," nikajibu.

(Ndiyo. Nilijibu hivyo.)

Hukumu haikuchukua muda. Mahari haitajwi, na mimi sikanyagi pale tena, mpaka nilete kondoo wa kuondoa mwiko. Nilitaka ardhi ya Mabanga inimeze na viatu vyangu. Nekesa alinisindikiza hadi getini akiwa ameuma leso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mshenzi!

Sasa niko soko la Misikhu mbele ya kondoo mmoja mwenye dharau. Nekesa amenitumia ujumbe sasa hivi: "Mama anauliza kondoo inafika lini. Ati santuri ina upande wa pili na hajausikia."

Tafadhali msicheke. Niko na mwenye kondoo hapa, na sitaki ajue nina haraka.