Mafiga ya Bi Biasha kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, 1 Machi 1976
Nafasi! Chuo kimoja Kibaha kinatafuta mwalimu wa insha. Nikiipata, nahama Vihingo na Zubeda anarudi. Mke wangu yuko kwa mama yake Misugusugu tangu Novemba. Najua pori hili ndilo lililomkimbiza. Lakini barua inataka kila mwombaji atunge hadithi yake mwenyewe, aisome Jumamosi hapahapa kijijini mbele ya wanafunzi wake na ofisa elimu. Mimi! Miaka kumi na moja nasahihisha hadithi za wengine. Mchinjaji naye achinjwe?

Jumanne, 2 Machi
Nimeandika nusu ukurasa, habari za tajiri mmoja mwema. Mkono ukachukua kalamu nyekundu wenyewe. Nne kwa ishirini. "Mwandishi hana la kusema." Nimejinunia kutwa nzima. Mwalimu Swaumu wa hesabu, naye anaitaka nafasi hiyohiyo, amejaza kurasa sita wakati wa mapumziko. Nikamuuliza maneno yote hayo anayatoa wapi. Akasema anaandika linalomuuma. Nikamjibu kwamba mimi sina linaloniuma. Nimerudi nyumbani, jiko baridi, nimekula muhogo mbichi nimesimama.

Alhamisi, 4 Machi
Nimepata! Imo katika madaftari ya kisomo cha watu wazima. Ni ya Bi Biasha, mjane. Siku ya kuhamishiwa kijijini alibeba kila kitu, ila mafiga yake matatu aliyaacha kwenye kiwanja cha zamani, alikozikwa mumewe. Kila Ijumaa huenda kuyafagia. Mwaka jana nilimpa tatu kwa ishirini, nikaandika pembeni: "Si ungeyabeba?" Sasa nimeichukua. Siyo wizi, nimeiboresha. Bibi nimemfanya bwana mwenye suti. Mafiga nimeyafanya jiko la mafuta ya taa, twende na maendeleo. Kaburi nimelifuta, linahuzunisha.

Jumamosi, 6 Machi
Maafa! Nilisoma kwa sauti nzuri. Nilipofika bwana anapolifagia jiko, Bi Biasha, aliyekaa na wenzake wa kisomo, akanyoosha mkono kwa adabu zote. Akauliza, mwalimu, jiko hilo si angelibeba? Darasa zima likacheka. Ofisa akataka kujua bibi ana maana gani. Ndipo bibi akasimama akaeleza ya mafiga. Kwamba marehemu mumewe, Maneno, alizoea kuota moto pale alfajiri, na njia ya kijiji kipya haijui, sasa akimtafuta atamtafutia wapi? Hakuna aliyecheka tena. Ofisa akavua miwani. Mimi hakunitazama. Nafasi kapewa Swaumu. Nimeona aibu mpaka sasa sijavua viatu.

Jumatano, 10 Machi
Bi Biasha nimempandisha hadi tano. Mbili za ujasiri.
Barua kutoka Misugusugu! Zubeda anasema habari za nafasi zimemfikia, na kwamba hakuikimbia Vihingo. Anasema miaka yote sijamwambia neno moja la moyoni mwangu. Nimwandikie tu ninavyoishi peke yangu katika nyumba hii, kwa maneno yangu mwenyewe, na siku atakayoipata barua hiyo atapanda basi pale kituoni Kwa Mathias aje. Nimeisoma mara nne. Nimelia kidogo.
Kisha nikaona haina utangulizi, na hitimisho limekuja ghafla mno. Nimempa tisa kwa ishirini. Nimeirudisha kwa posta aiandike upya.