Mama Mkwe Alala kwa Masista

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe ametua. Mpaka sasa mambo yanakwenda vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Amekuja kutoka Songea kuamua jambo moja: Blandina, mke wangu, ajifungulie hapa Durban au arudi naye nyumbani. Akirudi, sidhani kama nitamwona tena kabla mtoto hajaota ndevu. Nami sina pa kumlaza mama. Chumba chetu cha Berea kimegawanywa kwa pazia, na ng'ambo ya pazia anakoroma mpangaji mwenzetu, Sébastien. Dominiki, aliyemwoa dada yake Blandina, ana nyumba nzima Queensburgh, chumba cha wageni, mparachichi uani. Mama akilala kule hata usiku mmoja, nimekwisha.

Kwa hiyo nilimwambia kwa simu kwamba nimemwombea nafasi kwa masista. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Si uongo mtupu. Jengo lilikuwa la masista kweli. Kuta za mawe, matao, Bikira Maria bustanini. Ila masista walishaondoka, na sasa ni hoteli. Blandina analala na mama. Mimi niko chumba cha jirani, ambacho nimesema ni cha mapadre wageni. Blandina anaonya kwamba mama yake kasomeshwa na masista tangu chekechea, atagundua. Nimemwambia asiwe mtu wa imani haba.

Mapokezi yupo Yvette, dada wa Bukavu. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi. Anakaribia kabisa kuwa sista. Nilimvuta pembeni nikamwomba akubali kuitwa Sista siku chache tu.

"Niko na bwana na batoto babili, Papa. Nitakuwa Sista namna gani?"

Nikambembeleza mpaka akasema basi, hatajiita, ila akiitwa hatakataa.

Mama akamsalimu: Tumsifu Yesu Kristu. Yvette akajibu kwa salamu ya mitaa ya Durban: "Sharp, Mama." Mama akamuuliza ni wa shirika gani. Akasema yeye ni wa risepsheni. Mama akafikiri kidogo, akasema siku hizi mashirika yamekuwa mengi.

Chumbani akafungua friji ndogo kabla sijaifikia. Vichupa vya mvinyo nikasema ni divai ya misa. Akainua cha wiski. Nikasema kuna padre mmoja Mskoti. Jasho mpaka kwenye soksi.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisahau kwamba ni Kwaresima. Ijumaa ya Kwaresima ina Njia ya Msalaba.

Mama alitafuta vituo kwenye kuta za ukumbini, akakuta picha za farasi wa mashindano. Nikasema vituo vimepelekwa kupakwa rangi. Akasema hakuna neno, milango ya vyumba inatosha. Akapiga goti kwenye mlango wa kwanza na kuanza kuimba. Nami nyuma yake, mikono kifuani, nikiomba wageni wote wawe wamekwenda pwani.

Hawakuwa wamekwenda. Kituo cha nne mtu aligonga ukuta kwa ndani. Kituo cha sita wafagizi wawili wa Kizulu waliacha ndoo zao, wakaungana naye kwa sauti ya pili. Kituo cha kumi, Yesu anavuliwa nguo, mlango ukafunguliwa, akatoka mzungu mwenye taulo tu. Mama akafumba macho na kuendelea na sala. Yule mzungu naye akaona haya kurudi ndani, akasimama vilevile, kichwa chini, mpaka tukahamia mlango uliofuata.

Meneja aliniita. Nikamwambia ni mila zetu. Akasema mila ni nzuri, ila zisubiri wageni waamke. Sikula chochote mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alitaka kuungama. Nikasema padre ana malaria. Blandina aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuiandika.

Halafu Dominiki akaja kumsalimu mama. Nilimdaka nje kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikamwambia wamekwenda mjini, arudi jioni. Akasema atasubiri ndani, kuna joto. Nikamkimbiza kwenye baa, ili angalau afichike.

Baa ndiyo kanisa la zamani. Nililisahau hilo pia.

Mama alikuwa amechoka kuambiwa kanisa limefungwa kwa matengenezo. Akasukuma mlango mwenyewe. Pale palipokuwa altare pana kaunta, na kaunta ina Dominiki, na Dominiki, ambaye alishamtangazia mama kwamba Kwaresima hii hagusi kilevi, ana bia. Nilifurahi kama nusu dakika.

Mama akamuuliza mhudumu hapa ni wapi. Papy, kijana wa Lubumbashi, alijibu kwa heshima zote: "Hapa ni bar, Mama. Zamani ilikuwaka chapelle."

Mama akakaa kwenye benchi. Akaomba maji. Akaniuliza polepole masista wako wapi. Nikasema wamehama. Akauliza lini. Nikasema kitambo kidogo. Papy, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema: "Ata miye nilikuwa bado kuzaliwa."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Mama alisema mwanamume anayemficha mkwe nyumba yake, huenda anamficha na njaa ya binti yake. "Twende nikaone."

Tukaenda Berea. Mama alifunua sufuria, akakuta maharage. Akainua godoro, akatazama chini. Akafungua boksi la nguo za mtoto, zimefuliwa na kukunjwa. Akamsifu Blandina. Blandina akasema anayefua ni Tito, yaani mimi, tangu miguu yake ianze kuvimba.

Mama alikaa kitandani. Alivua viatu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa mama ametoa uamuzi. Blandina anabaki. Mtoto atazaliwa hapa. Niligeuka ukutani nikajifanya natafuta chaja, machozi yalikuwa yananitoka.

Mama naye anabaki, mpaka arobaini ya mtoto iishe. Kitanda ni chao wawili. Mimi nimehamia ng'ambo ya pazia, kwa Sébastien, ambaye kwa karibu anakoroma zaidi.

Akaongeza sharti moja: uongo basi, na mtoto abatizwe mapema. Nikakubali yote mawili. Ningenyamaza hapo. Hakuna aliyeuliza nani atambatiza. Nikasikia mdomo wangu ukisema Askofu mwenyewe, ni rafiki yangu sana. Kufika jioni Songea nzima ilikuwa na habari, na shangazi wawili wanaulizia nauli.

Askofu mimi namjua kwa picha. Lakini pale kiwandani Jacobs nafanya kazi na Honoré, na Honoré ana binamu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito. Joho la kuazima halikosi kupatikana. Kesho nitamuuliza ana saizi gani.